Vita vya Kagera: Je, Jirani Aweza Kuingia Nyumbani kwa Jirani?

Somo la Historia kwa Vidato vya Tatu na Nne

Wanafunzi wengi wakiulizwa habari za Vita vya Kagera hujibu kwa neno moja: tulishinda. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi katika somo la Historia. Mwanafunzi wa Historia hana budi kuuliza pia: vita vilianzaje, sheria ilisema nini, na mataifa mengine yalijibu nini yalipoona jeshi la nchi moja limeingia katika mji mkuu wa nchi nyingine? Maswali hayo ndiyo somo letu la muhula huu. Wazazi watakaosoma ukurasa huu huenda wakakumbuka mambo ambayo vijana wao hawajayasikia. Twawaomba wawasimulie.

Mpaka na mto

Chukua ramani, uitandaze mezani. Kutoka hapa Buzuruga vuka ziwa kwa kidole kuelekea kaskazini magharibi mpaka ufike Bukoba. Juu ya Bukoba utaona mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Huo ndio mpaka wetu na Uganda. Waingereza na Wajerumani walipatana juu yake mwaka 1890, wakafuata mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta, wala hawakumwuliza mtu yeyote aliyekaa pale.

Mto Kagera haufuati mstari huo. Hushuka kusini yake, hupita Kyaka, kisha hupanda tena kaskazini na kumwaga maji yake ziwani. Kwa hiyo kipo kipande cha nchi kilicho kati ya mstari na mto, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800. Kipande hicho ni cha Tanzania, lakini ng'ambo ile ya mto daraja kubwa lilikuwa moja tu, la Kyaka. Jambo hili likumbukwe.

Mwaka 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, wakaazimia kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo. Si kwamba waliipenda. Walijua kuwa kila nchi ikianza kudai kipande cha jirani yake, Afrika nzima itawaka moto. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolipigania azimio hilo.

Chanzo cha ugomvi

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Tanzania ilimpa Obote makao, ikakataa kumtambua Amin. Mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka katika nchi yetu. Walishindwa, na ndege za Amin zikaja kutupa mabomu Bukoba na hapa Mwanza. Mwezi uliofuata pande mbili zilitia sahihi mapatano mjini Mogadishu, yaliyotaka kila upande urudishe majeshi yake nyuma ya mpaka kilomita kumi na uache kuwasaidia maadui wa mwenzake.

Yafaa tuseme wazi: katika mwaka ule wa 1972 Tanzania nayo haikuwa bila lawama. Anayewaachia watu wapite uani kwake na silaha kwenda kumpiga jirani, hawezi kusema kuwa hakuhusika.

Miaka ikapita. Huko Uganda watu wengi mno waliuawa. Miongoni mwao walikuwa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, mwaka 1972, na Askofu Mkuu Janani Luwum, mwaka 1977. Hata hivyo, mwaka 1975 wakuu wa Afrika walikwenda kufanya mkutano wao Kampala, na Amin akawa mwenyekiti wao. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuhudhuria.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania na kukikalia kile kipande kilicho juu ya mto. Raia waliuawa, ng'ombe waliswagwa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu walikimbia. Mapema Novemba Amin alitangaza kwamba tangu siku hiyo mpaka ni mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo, na uwezo upo.

Sheria yasemaje?

Hapa yapo mambo matatu ya kushika.

Kwanza, Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 yakataza nchi kutumia nguvu juu ya mipaka au uhuru wa nchi nyingine.

Pili, hati hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, yaipa kila nchi iliyoshambuliwa haki ya kujitetea.

Tatu, Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1963, ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mkataba huo haukusema lolote juu ya mtawala anayewaua watu wake mwenyewe.

Sasa tuvigawe vita hivi katika matendo mawili, maana wengi huyachanganya.

Tendo la kwanza: kumfukuza mvamizi

Jeshi la Wananchi, pamoja na mgambo waliotoka kila mkoa, lilivuka mto na kuirudisha nchi yetu kabla ya mwaka 1978 kwisha. Katika tendo hili hapana ubishi wa sheria. Nchi ilivamiwa, ikajitetea.

Lakini Afrika ilisema nini? Mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakati ule alikuwa Rais Jaafar Nimeiry wa Sudan. Umoja ulileta wajumbe wa kupatanisha, ukataka pande zote mbili ziache kupigana, lakini haukumlaumu Amin. Mwalimu Nyerere alitaka mambo manne: Umoja uulaani uvamizi, Amin aache kuidai ardhi ya Tanzania, alipe fidia, na aahidi kutovamia tena. Hakupata hata moja. Nchi chache tu zilisimama upande wetu waziwazi, zikiwamo Zambia, Botswana na Msumbiji. Msumbiji ilileta na askari wake.

Mwamuzi anayewaambia mwizi na mwenye nyumba wote wawili waache kelele, bila kuuliza mali ni ya nani, hajaamua neno.

Tendo la pili: kwenda Kampala

Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka na kuteka Mutukula. Masaka ilitekwa mwezi Februari. Libya ilileta askari na silaha kumsaidia Amin, na mwezi Machi walishindwa huko Lukaya. Mwisho wa mwezi huo Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbia, akafa Saudi Arabia mwaka 2003.

Mji wetu nao ulikuwa vitani. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa shabaha, na makombora yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Mwanafunzi akiwa Kapripointi akikitazama kisiwa kile, akumbuke kwamba vita vya mataifa vilifika hapo.

Je, sheria iliruhusu safari ya Kampala? Hapa ndipo wataalamu wanapoachana njia. Mwalimu Nyerere alieleza kwamba vita vilikuwa viwili: vya Watanzania kumwadhibu mvamizi, na vya Waganda kumwondoa mtawala wao. Wanaomtetea husema pia kwamba adui aliyekwisha kuvamia, asiyetaka kuahidi amani, angaliachwa mpakani angerudi. Wapinzani hujibu kwamba kutoka Mutukula hadi Kampala ni kilomita zipatazo 200, na kujitetea hakufiki mbali hivyo. Tena waliobeba mzigo mkubwa wa mapigano ni askari wa Tanzania, si Waganda.

Majibu ya mataifa

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikupitisha azimio lolote juu ya vita hivi, wala la kumlaumu Amin wala la kuilaumu Tanzania. Nchi nyingi, Uingereza ikiwa mojawapo, ziliitambua upesi serikali mpya ya Uganda.

Mwezi Julai 1979 wakuu wa Afrika walikutana Monrovia, Liberia. Hapo Rais Nimeiry na Jenerali Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwamba imeweka mfano wa hatari: leo Tanzania imemwondoa mtawala mbaya, kesho nchi nyingine yenye nguvu itamwondoa mtawala isiyempenda. Godfrey Binaisa, aliyekuwa amemrithi Lule, aliitetea Tanzania.

Tuwe waadilifu. Hofu ile haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa nchi ndogo hazina ngao nyingine ila sheria. Lakini waliosema Julai walikuwa wamenyamaza Novemba, nchi ilipovamiwa, na miaka minane kabla yake, watu walipouawa. Sheria inayokumbukwa siku ya mtawala na kusahauliwa siku ya raia ina kasoro.

Linganisha na Kambodia. Vietnam iliingia huko mwishoni mwa 1978, na tarehe 7 Januari 1979 ikauteka mji mkuu na kuuondoa utawala wa Pol Pot, uliokuwa umeua watu wake kwa wingi wa kutisha. Hata hivyo Umoja wa Mataifa uliendelea kwa miaka mingi kuwaachia watu wa Pol Pot kiti cha nchi ile. Kwa nini? Kwa sababu Vietnam ilikuwa rafiki wa Urusi, nayo China na Marekani ziliipinga. Amin, baada ya kushindwa, hakuwa na rafiki mkubwa wa kumpigania. Basi mataifa hayapimi kwa sheria peke yake. Hupima kwa urafiki pia.

Yaliyofuata

Ushindi haukuleta amani mara moja. Lule alikaa siku 68 tu, na Binaisa aliondolewa mwaka 1980. Obote alirudi baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, nayo Uganda ikaingia katika vita vya msituni hadi Januari 1986. Tanzania ilitumia fedha zinazokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, wakati uchumi wake ulikuwa dhaifu. Wazee wanakumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka iliyofuata. Vita havikuwa sababu pekee, lakini vilikuwa mojawapo.

Sheria nayo ilisogea. Hati ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 yaupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, jinai za kivita au jinai dhidi ya ubinadamu. Angalia vema: haki hiyo ni ya Umoja, si ya jirani mmoja. Na mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza majeshi yake Kongo. Uganda ilidai kuwa inajitetea. Mahakama ikasema kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kuwa kujitetea. Mwaka 2022 iliamriwa kulipa dola milioni 325.

Kipimo kimoja

Basi tukiisifu Mahakama kwa neno hilo juu ya Kongo, yatupasa tujiulize kama twaweza kulisoma neno lile lile huku tumeweka kidole juu ya barabara ya Mutukula kwenda Kampala. Maoni ya mwandishi ni haya: Tanzania ilikuwa na haki kamili ya kumfukuza Amin, na ilikuwa na sababu nzito ya kumfuata, nzito kuliko za wengi waliovuka mipaka tangu siku ile. Lakini sababu nzito si sawa na ruhusa. Laiti Afrika ingalisema neno la haki mapema, huenda askari wetu wasingalihitaji kwenda Kampala. Mzalendo wa kweli huwaheshimu waliokufa, kisha huipima nchi yake kwa kibaba kile kile anachowapimia jirani. Anayetumia vibaba viwili ni mchuuzi mdanganyifu, hata akiwa na bendera mkononi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini Mto Kagera haukuwa mpaka halali, ingawa Amin aliutangaza kuwa mpaka.
2. Taja mambo manne ambayo Mwalimu Nyerere aliyataka kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lipi, kwa maoni yako, lingalitosha kuzuia safari ya Kampala?
3. "Vita vilikuwa viwili, si kimoja." Jadili.
4. Linganisha majibu ya mataifa juu ya Uganda na Kambodia mwaka 1979.
5. Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwako anachokumbuka juu ya miaka ya 1978 na 1979. Andika ukurasa mmoja, nawe utenge aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia kwa wengine.