Kutoka pampasi hadi nepi za kitambaa

Swali: Mwanangu ana miezi 3. Nataka kuacha pampasi. Nianzeje?

Jibu: Mama aanze na mchana, akiwa nyumbani; usiku na safarini pampasi ziendelee kwanza. Mtoto wa umri huo huchafua nepi kama 8 kwa siku, hivyo 20 zinamtosha mama anayefua kila baada ya siku mbili.

Choo kiondolewe kwanza, kisha nepi zifuliwe kwa maji ya moto na kusuuzwa mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo isitumike: huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya mkojo.

Zikaukie juani, kisha zipigwe pasi hadi kwenye mishono. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake hupenya ngozi ya mtoto. Joto la pasi huyaua mayai hayo.