Chalenji ya elfu kumi: hesabu zangu za siku 33, na pale nilipojidanganya

Leo naweka daftari langu mezani, mtu ajifunzie humo, maana na mimi nimejifunzia humo humo.

Wengi mmeiona hii chalenji. Unaanza na elfu kumi, unainunulia kitu, unauza mara mbili, unarudia. Kwenye karatasi ni tamu sana. Ukidabo raundi kumi tu, ile 10,000 inakuwa 10,240,000. Piga kikokotoo mwenyewe uone. Mimi nilipiga usiku, nikashindwa kulala.

Sababu yangu haikuwa mchezo. Mdogo wangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, anaripoti Julai. Godoro, ndoo, mashuka, viatu na makolokolo mengine, tukapiga hesabu ikabaki pengo la laki moja kamili. Nina kiduka hapa Mzinga, ila hela ya dukani ni ya mzunguko, ukiitoa rafu zinabaki zinakuangalia. Nikasema nitatoa elfu kumi tu, sitaongeza hata mia, na sitaila faida hadi ifike laki.

Raundi ya kwanza karanga. Kilo mbili 7,000, mkaa 1,000, vifuko 1,000, chumvi 200. Nikapata pakiti 70 za mia mbili mbili, zikaisha zote siku ya nne. Mkononi nina 14,800. Faida 4,800 kwa siku nne za kuamka saa kumi alfajiri kukaanga. Sio mbaya, ila kumbuka hizo alfajiri, hakuna anayeziandika.

Raundi ya pili nikaweka kilo tatu. Akili yangu ilisema mtaji umekua basi na mauzo yatakua. Wapi! Wanunuzi wangu ni wanafunzi wanaopita na mafundi wa hapo jirani, na idadi yao ni ile ile. Pakiti 105, zimeuzwa 92 kwa siku sita, 13 zikawa zimelegea tukala nyumbani. Nikafika 20,500. Hapo ndo nikaelewa kwamba kudabo hakukwami kwa kukosa mtaji peke yake. Unaweza kuwa na hela ya kununua kilo kumi na mtaa wako ukala mbili tu. Ukiona bidhaa imegoma kuongezeka, usiisukume, tafuta watu wengine au kitu kingine.

Nikahamia mtandaoni. Kuna mama mmoja anashusha viungo kutoka Kinole, huko milimani Uluguru, pilipili manga yake ina harufu mpaka unapiga chafya ukiwa mbali. Nikachukua kilo moja kwa 10,000, nikafunga pakiti 20 za gramu 50, nikapiga picha nzuri kwenye mwanga wa asubuhi, nikaweka stetasi ya WhatsApp. Binamu yangu yuko Dar, akazisambaza kwa wenzake kazini. Pakiti 1,500. Zote ishirini zikapata wenyewe.

Sasa sikiliza nilivyojidanganya. Nimenunua kwa elfu kumi, nimeuza kwa elfu thelathini, si nimepata mara tatu? Raundi ijayo thelathini inakuwa tisini, laki hiyo hapo. Mama alikuwa anajiandaa kukopa kikoba. Nikamwambia kwa kifua mbele, "Mama, usikope, hela ipo." Akaniamini, zamu ya mkopo akapewa mwingine.

Jioni nikahesabu. Nilitegemea 40,500, yaani thelathini ya mauzo na 10,500 iliyobaki nikishanunua mzigo. Simu na mfuko vikijumlishwa: 30,000. Nikadhani nimeibiwa. Nikakaa na kalamu kukumbuka kimoja kimoja. Vifuko 1,500. Bando 1,000. Bodaboda kwenda Msamvu kupakia mzigo kwenye basi na kurudi, 4,000. Kutuma mzigo 3,000. Makato ya kutoa hela kwenye simu, 1,000. Jumla na pilipili ni 20,500. Faida halisi 9,500, sio elfu ishirini. Hakuna mwizi, mwizi ni mimi niliyeandika mistari miwili tu kwenye daftari: nimenunua, nimeuza.

Raundi ya nne nikabadilisha. Nilikusanya oda kwanza, nikanunua kilo mbili kwa 20,000, nikatuma safari moja tu. Bodaboda nikaacha, nikapanda daladala na kuunganisha mjini, kwenda na kurudi 2,400. Nauli ya mzigo wakailipa wao kule wakati wa kupokea, na wala hawakulalamika, kumbe nilikuwa naogopa bure kuwaambia. Mama wa Kinole nikamlipa kwa simu, makato 500. Vifuko 2,500, bando 1,000. Jumla 26,400. Pakiti 40 zingeleta 60,000, ila sita nilitoa kwa mkopo kwa watu wa hapa hapa, "nitakutumia jioni". Jioni hiyo haijafika. Nikamaliza na 54,600, siku ya 33, na dogo anaondoka kesho yake.

Angalia mlolongo: 10,000, 14,800, 20,500, 30,000, 54,600. Hakuna raundi hata moja iliyodabo. Na bado ni hela nzuri, siibezi, ni zaidi ya mara tano. Ila 45,400 iliyopungua ilitoka kwenye mtaji wa duka, na wiki mbili nikakaa bila mafuta ya kupikia, wateja wakawa wanavuka kwenda duka la pili. Mama hakusema kitu. Ndo kiliniuma zaidi.

Kwa hiyo ukianza chalenji yako, daftari liwe na safu ya vitu vidogo: nauli, bando, vifuko, makato. Andika pale pale, usisubiri jioni. Usiahidi mtu hela ambayo bado ni oda. Na mkopo uhesabu kama haupo mpaka uingie.

Halafu kuna wale wanaokufuata inbox, weka elfu hamsini utoe laki baada ya siku saba, huuzi chochote. Hiyo sio chalenji. Mwaka 2009 mimi nilikuwa mtoto, lakini wakubwa wanaikumbuka DECI, watu walivyoitwa "kupanda mbegu" na mavuno yakaishia mahakamani. Uliza bidhaa iko wapi na mnunuzi ni nani. Akianza kukuita "mwenye hofu ya mafanikio", mbloku.

Ile mikopo sita, wawili wameshalipa. Nimeanza raundi ya tano Jumatatu, mdalasini safari hii, na mauzo ya kwanza yanarudi kwenye mafuta ya kupikia.