Airisi kando ya ziwa

Swali: Msomaji wa Musoma, ambaye bustani yake karibu na ziwa haikauki, anauliza kama airisi zitastawi.

Jibu: Inategemea aina. Airisi zenye ndevu huoza tunguu palipotuama maji, na nyingi hudai majira ya baridi kali ambayo Mkoa wa Mara hauna. Zinazofaa kujaribiwa ni za Louisiana, Marekani, zilizozoea joto na kinamasi.

Airisi ya manjano ya Ulaya isipandwe kabisa! Husambaa majini, utomvu wake hudhuru mifugo, na Ziwa Victoria limeteswa vya kutosha na gugumaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wa Bunda na Butiama walio mbali na ufuko watafute Dietes, ndugu wa airisi mwenye maua meupe, mwenyeji wa Afrika Mashariki. Huvumilia kivuli na ukame. Mashina yagawanywe mvua zinapoanza.