Somo: Kuitembelea Berlin kwa Bajeti ya Msafiri wa Shanta

Mtu aliyeweka akiba ya miaka miwili ili aione Ulaya hana euro ya kupoteza. Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, ni mji ambao msafiri wa namna hiyo anaweza kuumudu: vitanda vya bweni ni vingi, chakula cha mtaani hupatikana kila pembe, na kumbukumbu nyingi kubwa za historia hazina kiingilio. Hata hivyo, mara nyingi fedha za mgeni hazimalizwi na bei zilizobandikwa ukutani, bali na taratibu asizozijua. Somo hili linaeleza taratibu hizo kwa kufuata hatua za safari yenyewe.

1. Kabla ya kuondoka

Ada ya viza ya Schengen ya muda mfupi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Mwombaji hutakiwa pia kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Uamuzi wa viza ni wa ubalozi peke yake. Hivyo, wakala anayeomba malipo ya ziada kwa ahadi ya "viza ya uhakika" anauza kitu asichokuwa nacho. Vilevile, usilipie tiketi ya ndege isiyorejeshewa fedha kabla ya kupata viza.

2. Malazi

Hosteli huuza kitanda kimoja katika chumba cha watu wanne, sita, au zaidi. Bei hupanda mwishoni mwa juma na nyakati za maonyesho makubwa. Kwa hiyo, linganisha siku, usilinganishe majengo tu. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo matatu: masharti ya kughairi, malipo ya shuka, na kodi ya mji. Kodi hiyo ni asilimia 7.5 ya bei ya malazi tangu Januari 2025. Chukua kufuli lako mwenyewe, kwa kuwa hosteli nyingi hutoa kabati bila kufuli.

3. Usafiri wa mjini

Nauli za Berlin hupangwa kwa kanda tatu: A, B na C. Sehemu kubwa ya vivutio imo katika A na B, lakini uwanja wa ndege wa BER, uliofunguliwa mwaka 2020, uko nje ya mpaka wa mji, katika kanda C. Anayetoka uwanjani kuelekea mjini anahitaji tiketi ya ABC. Tiketi ya AB haitoshi, hata kama umeilipia kwa nia njema.

Vituo havina malango ya kuwazuia abiria, na mgeni anaweza kudhani kwamba hakuna ukaguzi. Wakaguzi wapo, na baadhi yao huvaa nguo za kawaida. Asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa muhuri wa saa huhesabiwa kuwa si halali. Igonge katika mashine ndogo iliyopo kituoni au ndani ya basi kabla ya kuanza safari. Tiketi ya safari moja ya AB hudumu saa mbili kwa kuelekea upande mmoja tu, na haitumiki kurudia. Ukisimamishwa na mkaguzi, una haki ya kuomba kitambulisho chake na kupewa risiti.

4. Fedha

Chukua kiasi cha fedha taslimu, kwa kuwa baadhi ya vibanda na mikahawa midogo haipokei kadi. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ungependa kukatwa kwa sarafu ya nchi yako, kataa, uchague euro. Ukikubali, kiwango cha kubadilishia hupangwa na mwenye mashine, na kwa kawaida huwa kibaya kuliko cha benki yako.

5. Chakula na amana ya chupa

Maji ya bomba ni salama kunywa. Beba chupa yako. Maduka mengi hufungwa Jumapili, isipokuwa yale ya vituo vikubwa vya treni na ya mafuta, ambayo bei zake huwa juu. Basi nunua mahitaji Jumamosi. Kwa wasiokula nguruwe: soseji maarufu ya mji huu, Currywurst, kwa desturi hutengenezwa kwa nyama hiyo. Kuuliza si ujinga.

Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji hutozwa amana ya senti 25, inayoandikwa kando ya bei. Amana ni fedha yako. Rudisha chupa katika mashine ya dukani, chukua karatasi inayotoka, kisha uipeleke kwa mtunza fedha ili ulipwe.

6. Visivyolipiwa

Kuba la kioo la jengo la bunge, Reichstag, huingiwa bure, ila sharti ujiandikishe mapema na uje na pasipoti. Kipande cha Ukuta wa Berlin kiitwacho East Side Gallery, chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, kiko wazi barabarani. Jumba la Topography of Terror, linaloeleza uhalifu wa utawala wa Wanazi, halina kiingilio. Makumbusho ya viumbe asilia, Museum für Naturkunde, hulipiwa, lakini humo mna mifupa ya dinosaria mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913.

Zoezi

Asha ametua BER na kununua tiketi ya AB. Akiwa ndani ya treni, kabla haijatoka kanda C, amekaguliwa. Katika siku zilizofuata ametupa jalalani chupa sita za plastiki zenye amana. Amepoteza kiasi gani?

Jibu: Euro 60 za tozo, na euro 1.50 za amana. Jumla euro 61.50. Tiketi ya ABC ingemgharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo.