MACHO YA KUYAONA YA NYUMBANI

Wako wengi wadhanio kwamba mambo yainuayo moyo hukaa mbali: ng'ambo, mijini, katika majumba ya matajiri. Wakitazama kwao, waona masufuria, nguo za kufua, watoto wagombanao, na kazi isiyokwisha. Je, ni kweli kwamba hapo hapana la kutufundisha? Na tuwasikilize mafundi watatu wa picha.

Wa kwanza ni Jean Siméon Chardin, aliyezaliwa Paris mwaka wa 1699, mwana wa seremala. Siku zile wachoraji waliosifiwa kupita wote walichora vita, wafalme na visa vya kale. Chardin alichora mikate, birika, na akina mama wakiwa kazini. Mwaka wa 1740 alionyesha picha iitwayo Le Bénédicité, yaani Sala ya Kabla ya Chakula. Mama aandaa meza. Mtoto mdogo amefumba mikono asali, na dada yake yu karibu. Ngoma ya kuchezea imetundikwa kitini. Basi, ni hayo tu. Lakini picha hiyo alipewa Mfalme Louis wa Kumi na Tano, na leo imo katika jumba la Louvre. Mwangalieni mama yule: ameinama, amtazama mtoto, amngoja amalize. Hapo ndipo uzuri wote ulipo, katika kungoja kwake.

Wa pili ni Jean-François Millet, mwana wa wakulima wa Normandy, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka wa 1814. Kati ya mwaka wa 1857 na 1859 alichora L'Angélus. Mume na mke wamesimama shambani jioni, wameinamisha vichwa. Uma wa kulimia umechomekwa ardhini, kikapu cha viazi ki miguuni pao, na mnara wa kanisa waonekana kwa mbali. Millet alieleza kwamba picha hiyo ilitoka katika kumbukumbu ya bibi yake, ambaye, kengele ilipolia, aliwaachisha kazi ili wasali Malaika wa Bwana na kuwaombea marehemu. Bibi yule hakushika brashi, lakini desturi yake ndiyo iliyompa mjukuu picha ijulikanayo ulimwenguni kote.

Wa tatu ni Mwafrika, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Alijifunza useremala, na mwaka wa 1935 jamaa yake mmoja, aliporudi kutoka Senegal, alimpa kamera ndogo. Mwaka wa 1948 akafungua studio yake. Watu walikuja wamevaa nguo zao nzuri, akina mama na watoto mapajani, ndugu na marafiki bega kwa bega. Kitambaa cha kwanza alichotundika nyuma yao kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Kwa hiyo hakuwa na budi kumtazama mtu vema kwanza, mkono, shingo na uso, kabla ya kubonyeza.

Siku hizi simu yaweza kupiga picha 100 kwa siku moja, nasi tusitazame hata moja. Tena yatuletea picha za nyumba za wengine, zilizopambwa kwa ajili ya kuonwa. Mume atazama meza za watu asiowajua, asahau kumshukuru aliyempikia. Binti ajilinganisha na nyuso za mbali, aione yake kuwa si kitu. Hivyo ndivyo dharau iingiavyo nyumbani kimya kimya. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Enyi wazazi, yafaa basi kutenda mambo matatu. Kwanza, toeni picha za zamani zilizomo sandukuni, mkae pamoja na wazee, wataje majina. Andikeni nyuma ya kila picha, kwa penseli, jina, mahali na mwaka. Mzee akiisha kufa bila kuulizwa, babu yenu aliye pichani atakuwa mgeni kwa wajukuu wake.

Pili, msingoje arusi na sikukuu tu. Pigeni picha ya baba akitengeneza jembe, ya bibi akichambua mchele, ya mtoto akifundishwa kusoma. Naye mama, ambaye daima yuko jikoni wengine wapigwapo picha, aitwe. Lakini mgonjwa na mtoto aliaye wasipigwe ili kuchekwa. Heshima yao ni kubwa kuliko picha.

Tatu, wapeni watoto karatasi na penseli wachore nyumba yao, kisha waulizeni wamemweka nani karibu na nani. Mzazi atakayejiona amechorwa mlangoni, akitoka, atakuwa amepata fundisho kubwa.

Bwana wetu aliishi Nazareti katika nyumba ya seremala hadi umri wa miaka 30 hivi, na Injili yasimulia machache mno juu ya miaka hiyo. Siku nyingi za maisha yake zilikuwa kama zetu: kazi, chakula, sala na usingizi. Tusizidharau siku za namna hiyo. Jioni ya leo, kabla ya kula, tuwatazame kwanza wale walioizunguka meza.