Mafunzo Niliyopata Butembo: Kwa Nini Mungu Mmoja Alienea

Nimekulia komini ya Kimemi, mjini Butembo, na kazi yangu ni kufundisha historia. Kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile: mababu zetu waliitegemea mizimu mingi, imekuwaje leo karibu kila nyumba mtaani inamwomba Mungu mmoja? Wengi wana jibu tayari mdomoni: wazungu walimleta. Nimesikiliza wazee, nimesoma, nimesafiri Beni, Kasindi na Bunia, na nimeona jibu hilo ni fupi mno. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mungu hakuja na mapadri

Nyanya yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, lakini jina la Nyamuhanga alilijua tangu utotoni. Kwetu Wanande, na kwa ndugu zetu Wakonjo walio ng'ambo ya Rwenzori, Nyamuhanga ndiye muumba wa vyote. Ila alikuwa mbali. Shida za kila siku, kama uzazi, magonjwa na mawindo, zilipelekwa kwa mizimu, kila mmoja na kazi yake na mahali pake. Kule mlimani Wakonjo walimheshimu Kitasamba, mzimu wa mlima huo.

Kwa hiyo wahubiri hawakukuta uwanja mtupu. Walichobadilisha ni umbali: yule aliyetajwa kwa nadra sasa akawa wa kuombwa asubuhi na jioni, na wale waliokuwa karibu wakaambiwa waondoke.

2. Anayesafiri humhitaji Mungu anayesafiri

Mwaka 1971 mtaalamu Robin Horton, aliyefundisha Nigeria kwa miaka mingi, aliandika makala kuhusu Waafrika kubadili dini. Hoja yake ni kwamba mizimu inatosha pale maisha yanapoishia kijijini. Watu wakianza kufanya biashara mbali, kuajiriwa migodini na kuchanganyika na wageni, Muumba wa wote ndiye anayepata nguvu, kwa sababu hakufungwa na kilima chochote.

Niliposoma hoja hiyo niliwakumbuka wafanyabiashara wetu. Mzimu wa kijito cha Lubero humsaidiaje mtu anayesubiri mzigo wake forodhani Kasindi, au anayenunua bidhaa Dubai na Guangzhou? Huko kote atakuta watu wanaosali kama yeye, na mwenye imani moja naye ni rahisi kumwamini kwa mkopo.

Pwani mambo yalikuwa hivyo hivyo karne nyingi kabla yetu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 1107, na Uislamu ulifuata njia za majahazi kutoka bandari hadi bandari. Baadaye misafara ya wafanyabiashara Waislamu kama Tippu Tip iliufikisha Kasongo, Maniema, pamoja na Kiswahili hiki ninachokiandika.

3. Aliyeshika shule alishika watoto

Baba yangu alijifunzia kusoma kwenye katekisimu. Ukitaka shule, ulipitia misheni. Mambo hayo yalipangwa: mwaka 1906 dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ilitia saini mkataba na Vatikani, misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Mapadri Waasumpsio walifika eneo letu mwaka 1929. Wabaptisti nao walijenga Katwa, jirani na Butembo, lakini Waprotestanti wa Kongo walisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo serikali ikaanza kuzilipia shule zao. Waislamu hawakupata nafasi hiyo. Dola ya Leopold ilikuwa imepigana na mabwana Waislamu wa misafara kati ya 1892 na 1894, na utawala wa Wabelgiji uliendelea kuwashuku.

Hii ndiyo sababu ramani ya dini Kongo inafanana sana na ramani ya shule za zamani. Hata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa hapa Butembo mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, ni tawi la mti huo huo.

4. Amri ya mtawala haitoshi

Farao Akhenaten aliwaamuru Wamisri wamwabudu mungu jua, Aton, peke yake. Alipokufa, miungu ya zamani ilirudishwa. Kaisari Konstantino wa Roma, kwa upande wake, aliwaruhusu Wakristo kuabudu kwa uhuru mwaka 313, na imani ikadumu, kwa sababu tayari ilikuwa na makusanyiko, vitabu na maaskofu wake. Jirani zetu Wanyarwanda walimwona mfalme wao, Mwami Mutara Rudahigwa, akibatizwa mwaka 1943, na wengi wakamfuata. Lakini shule na makatekista walikuwa wameshatangulia.

Kwetu Rais Mobutu alijaribu kinyume. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo, na mwaka 1974 akazitwaa shule za makanisa. Watu waliendelea kuitana Jean na Marie majumbani, na mwaka 1977 serikali ikazirudisha shule kwa makanisa.

5. Waafrika ndio waliotembea

Vitabu vya shule hupenda picha ya mzungu mwenye ndevu. Nenda Boga, kaskazini mwa Beni, utasikia habari za Apolo Kivebulaya, Muganda aliyefika huko mwaka 1896. Alipigwa, akafungwa, akarudi. Alifanya kazi hata kwa Wambuti wa msituni, na Kanisa la Kianglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake. Alifia Boga mwaka 1933.

Nyuma ya kila padri kulikuwa na makatekista wengi waliojua njia, lugha na matanga ya kila kijiji. Katika familia yetu, aliyemfundisha nyanya kusali alikuwa jirani yake, mkulima wa maharage.

6. Mungu mmoja hakutufanya kuwa wamoja

Mtaani kwangu kuna Wakatoliki, Wabaptisti, Waadventista, Wapentekoste na Waislamu, wote wakisema Mungu ni mmoja. Wakati huo huo kuna wanaoua kwa jina lake. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Wapentekoste huko Kasindi, watu wakiwa ibadani. Wauaji hao hudai wanapigania Uislamu, kwa hiyo baada ya kila shambulio la namna hiyo namwona jirani Mwislamu akitazamwa kwa jicho baya.

Imani hii ilienezwa na barabara, soko, shule na miguu ya watu wa kawaida. Upendo kati ya waumini haukuja na vitu hivyo. Ni kazi ya kila kizazi, na kizazi chetu bado hakijaimaliza. Basi, ndugu msomaji, ukisikia mtu wa Beni au Butembo akisema Waislamu wote ni wauaji, mwambie habari za Sheikh Ali Amini. Aliwakemea wenye msimamo mkali waziwazi, na tarehe 1 Mei 2021 alipigwa risasi akiwa msikitini, mjini Beni.