AFYA YETU: Tupunguze Kuni, Tupunguze Moshi

Mwezi huu tunajifunza juu ya moto wa jikoni. Sisi wa milima ya Usambara twaishi penye baridi. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti moto huwaka tangu alfajiri hadi usiku. Kuni na mkaa huisha upesi, na madhara yake ni mawili.

Madhara ya mwili. Moshi wa mafiga huingia ndani kabisa ya mapafu. Huchangia nimonia kwa watoto, hasa mtoto anayebebwa mgongoni mama anapopika. Kwa watu wazima huleta kikohozi cha muda mrefu na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani.

Madhara ya hewa. Kuni zikiungua hutoa hewa ya ukaa. Mti mwingine ukiota mahali pa ule uliokatwa, huivuta tena hewa hiyo. Usipoota, hewa hubaki angani na kuzuia joto la dunia lisitoke. Mkaa una hasara zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya kuni hupotea tanurini kabla mkaa haujafika jikoni.

Tangu mwaka 1981 mradi wa SECAP ulitufundisha hapa Lushoto kuhifadhi udongo na kupanda miti. Lakini kupanda ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko jikoni. Tufanye hivi:

1. Tupasue kuni ndogo na kuzikausha vizuri. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.
2. Tuloweke maharage na mahindi ya makande usiku kucha, kisha tumwage maji hayo. Yataiva mapema.
3. Tufunike sufuria. Chakula kikishachemka, tuvute kuni nje kidogo.
4. Tujenge jiko la udongo lenye kuta na bomba la kutolea moshi. Akina baba, kazi hii ni yenu pia.
5. Mwenye ng'ombe wa zizini na uwezo wa kujenga mtambo afikirie gesi ya samadi.

ONYO: Msilale chumbani na jiko la mkaa, hata kama baridi ni kali. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, na anaweza kufa usingizini. Akipatwa, mtoeni nje kwenye hewa safi na mkimbizeni hospitali.

Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alituita tuitunze dunia kama nyumba yetu sote. Wazee nao walisema: figa moja haliinjiki chungu. Basi tusaidiane.

Maswali ya jumuiya:
(a) Nani katika jumuiya yetu anapika penye moshi mwingi zaidi?
(b) Tutamjengea jiko lini?
(c) Kila familia itapanda miti mingapi mvua zijazo?